Uzembe wa Marehemu

Mzee Asajile,

Sikuulizi hali. Najua ulipo, nilikusindikiza mwenyewe hadi kaburini pale Ibighi, nimevaa kofia ngumu ya kampuni kana kwamba makaburini kuna mtu anajenga ghorofa. Ni Meneja aliyetaka tuvae kofia. Alisema tutapendeza kwenye picha, na picha zikapigwa, na yeye yumo katikati ya kila moja.

Nakuandikia kukupa habari za kazini, na nianze na iliyo mbaya kuliko zote. Umeandikwa mzembe. Kwenye fomu ya ajali, pale penye kisanduku cha "Chanzo", pana maneno matatu tu: uzembe wa marehemu. Picha yako wakaibandika ukutani kwenye chumba cha mafunzo, ile ambayo umekunja uso kwa sababu ya jua, na chini yake wakaandika kwa herufi nyekundu, "Usiwe kama huyu." Vijana wapya wanaokuja kufundishwa kupanda nguzo wanaonyeshwa wewe. Wewe uliyesimamisha nguzo za Ikuti moja baada ya nyingine, ambaye hujawahi kumpandisha mtu kabla hujaupima mkanda wake kwa mikono yako.

Maneno hayo matatu niliyaandika mimi, kwa kalamu yangu, na sahihi yangu iko chini yake. Nitafika huko, usinikimbize.

Ule ubao wa getini unaohesabu siku bila ajali bado upo. Ulipokufa, mlinzi akaurudisha kwenye sifuri, maana ndivyo alivyoelekezwa tangu mwanzo. Kesho yake Meneja akamgombeza na kumwambia aendelee pale alipokuwa ameishia, kwa kuwa ajali ya uzembe wa mtu binafsi haihesabiki. Kwa hiyo kwa mujibu wa kampuni yetu hakuna aliyekufa. Tulisimama kimya dakika moja kwa ajili yako, halafu zikaletwa soda na biskuti, na bwana mmoja wa utawala akalalamika kwamba soda ni za moto. Nilimtazama nikatamani kumtapikia viatu.

Lakini nani aliyenipa mimi haki ya kuwadharau watu? Unakumbuka nilivyokuja. Binti wa fundi cherehani wa Makandana, nimesomea umeme chuo kikuu, nimezunguka Dar na Dodoma nikiwa injinia wa usalama, cheo ambacho mafundi wa nchi nzima wanakielewa namna moja: mtu anayekuja kufoka kuhusu viatu. Na kweli nilifoka kuhusu viatu. Nilitengeneza mabango, nikasahihisha fomu, nikahesabu helmeti. Kampuni ndogo ya umeme yenye mtambo wake mmoja mtoni iliponiita nirudi nyumbani, nilikuja na mabango yangu kwenye buti la gari.

Wenzako walinicheka. Wewe uliniuliza kama nimewahi kupanda nguzo. Nikasema sijawahi. Ukanivalisha mkanda wako, ukanipandisha kule Ikuti mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika, nguzo inateleza, na wewe chini unasema kwa ile sauti yako isiyo na haraka, "Suhula, usitasame chini. Tasama mikono yako." Hukuwahi kulitamka jina langu vizuri na mimi sikuwahi kukusahihisha. Nililipenda hivyo hivyo.

Siku ile ndipo uliponifundisha neno lako. Vitabu vyangu vinasema kufunga ethi, kuiunganisha laini na ardhi kwa nyaya nene za shaba, ili umeme ukija kwa njia yoyote ushuke chini badala ya kupita kwenye mwili wa mtu. Wewe ulisema kuzika laini. "Laini iliyosimwa imelala tu," uliniambia. "Mpaka usike." Nilikwenda nayo ofisini, nikaitumia kwenye semina tatu, nikapigiwa makofi. Kwenye semina hizo sikutaja jina lako hata mara moja. Nilisema "kama tunavyosema sisi watu wa laini". Mimi, niliyekuwa nimepanda nguzo moja.

Basi tuje kwenye ethi zenyewe. Za zamani zilikuwa zimechoka, vibanio vyake havishiki, kimoja ulikuwa umekifunga kwa waya wa kujengea. Nililia na uongozi mpaka zikanunuliwa mpya, seti nzima, ndani ya masanduku yake ya kijani. Hilo nalikubali, nilipigana. Zilipofika, Meneja akazizunguka mikono nyuma, akasema zisitoke stoo kwanza. Wageni wanaokopesha kampuni walikuwa wanakuja kukagua, na alitaka wazikute zinang'aa. Unajua kila nyumba huku kwetu ina kabati la vyombo vya wageni, watoto wanakunywea vikombe vya plastiki na sahani za maua zinatazamwa kupitia kioo. Hivyo ndivyo tulivyoziweka zile ethi. Na mwenye ufunguo wa kabati nilikuwa mimi. Nilibandika na karatasi mlangoni: "Vifaa hivi visitumike bila ruhusa ya Injinia wa Usalama." Nikaigonga na muhuri.

Asubuhi ile mgomba uliangukia laini kule Ikuti na zahanati ikakosa umeme. Ingekuwa siku nyingine wangesubiri, wamezoea. Lakini wageni walikuwa wanafika kesho yake, na zahanati ile ndiyo wangepelekwa kuonyeshwa taa. Meneja akakutuma upesi. Mimi nilikuwa Mbeya, nimekwenda kuchukua fulana za wageni. Unajua zilikuwa zimeandikwa nini kifuani? Usalama Kwanza. Nilikuwa nazikagua rangi wakati uliponipigia.

Uliniuliza, "Suhula, ufunguo wa stoo uko wapi? Hii ethi meno yake hayasiki."

Nikakujibu, na sauti yangu naisikia mpaka leo, ya mtu aliyekatizwa jambo la maana: "Mzee, ni kazi ndogo, kaza na waya utumie hiyo hiyo. Wageni ni kesho."

Halafu ukasema, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Ufunguo ulikuwa ndani ya mkoba wangu, umefungwa pamoja na ufunguo wa nyumba. Ulizima laini kama inavyotakiwa, ukaipima, haikuwa na umeme. Ukafunga ile ethi mbovu, ukakaza na waya kama nilivyokuagiza, ukapanda. Ulipokuwa juu, mwenye mashine ya kusaga ya pale kijijini akachoka kungoja umeme, akawasha jenereta lake, ambalo fundi wa mtaani alikuwa ameliunganisha moja kwa moja na nyaya za nyumba. Umeme ukarudi nyuma, ukapita kwenye transfoma, ukapanda hadi kwenye laini uliyokuwa umeishika. Ethi nzima ingeushusha chini. Kibanio chako kilikuwa kimekwisha kuachia. Mwenye mashine hakujua kitu, mpaka leo analia, na wala simlaumu.

Wageni walikuja hivyo hivyo. Walipelekwa stoo, wakaziona ethi zinang'aa, mmoja akazigusa kwa kidole. Waliambiwa kumetokea msiba wa mfanyakazi, wakasema pole, wakavaa fulana.

Wiki iliyofuata Meneja akaniita. Anakaa chini ya bango nililochora mimi, ndilo linaloniudhi zaidi. Akanisogezea fomu na kusema, "Injinia, vifaa vipya vilikuwepo, hakuvitumia. Andika uzembe wa marehemu tumalize. Marehemu hawezi kufukuzwa kazi." Akacheka kidogo kwa maneno yake mwenyewe. Ni mtu wa hovyo, Mzee, na sijawahi kumwona wa hovyo kama siku ile, kucha safi, chai ya maziwa pembeni. Nikamdharau kwa moyo wote. Na huku namdharau, nikaandika. Hakunishikia mkono. Nilijua kwamba kisanduku cha "Chanzo" kikijazwa kwa ukweli, kitajazwa jina langu, na nikaona afadhali uingie wewe ambaye huna tena la kupoteza. Nilijiona mwerevu. Nikarudi nyumbani, nikala, nikalala usingizi.

Na wewe nawe nina neno lako, usidhani kufa kumekutakasa kote. Ulikuwa na haki ya kukataa. Nilikufundisha mimi mwenyewe kwamba fundi anaruhusiwa kukataa kupanda, ipo kwenye mabango yangu yote. Umri wote ule, mikono yote ile inayojua, halafu ukainamia sauti ya simu ya msichana anayechagua fulana. Nimekukasirikia kwa hilo. Halafu nakumbuka kwamba uliinama kwa sababu uliniamini, na hapo sina pa kushika.

Kilichonishinda ni mke wako. Nilikuja kumhani siku za arobaini, akanipikia ndizi, akakaa nami jikoni. Akasema kanisani hawamtaji tena bila kuongeza kwamba ajihadhari mtu na uzembe. Akaniuliza, "Wewe ulikuwa naye kasini. Ni kweli alikuwa msembe?" Nikasema, "Pole, mama." Ndilo jibu nililompa mwanamke huyo akiwa ameshika sufuria. Alinisubiri niendelee, nami nikaomba maji.

Jumatatu iliyopita niliibandua picha yako, nikachana yale maandishi mekundu. Nikachukua fomu mpya na kuijaza upya. Ngoja nikuambie, kuandika ripoti ya kweli ni kazi ngumu kuliko nilivyofundishwa. Mkono uliandika wenyewe "stoo ilifungwa". Nikafuta. Mkono ukaandika "maelekezo yalitolewa". Nikafuta. Maisha yangu yote ya kazi nimeandika namna hiyo, mambo yanafungwa, yanatolewa, yanasahauliwa, na hakuna mtu aliyeyafanya. Mwishowe nikaandika: nilifunga stoo, nilikaa na ufunguo, aliniuliza, nikamwambia atumie mbovu. Nakala moja nimempa Meneja, ya pili nimeipeleka kwa wakaguzi wa serikali kwa mkono. Meneja aliisoma akasema, "Unajiharibia bure, Zuhura." Tangu siku hiyo haniiti injinia.

Jana nikaja Ibighi na picha yako. Nikamsomea mke wako ripoti yote, taratibu, sikuruka neno. Alikuwa amenimiminia chai. Nilipomaliza akauliza, "Alikupigia simu, ukamwambia apande na ile mbovu?" Nikasema ndiyo, mama. Akanyanyuka, akakitoa kikombe mbele yangu kabla sijakinywa, akamwaga chai nje. Akaichukua picha, akaipangusa kwa khanga. "Ndaga, asante kwa kusema," akaniambia. "Sasa nenda." Nikaenda. Sikumwomba msamaha, na wewe sikuombi. Kukuomba kungekuwa kukujibu tena kama kwenye simu ile, nikiwa na haraka zangu.

Lala, Mzee. Lala kwa amani ya Mungu wako na wangu, hakuna atakayekuita tena nguzoni. Wakaguzi wameniita Alhamisi. Meneja amenitumia ujumbe kwamba kuna namna ya kuyasema haya bila kumtaja mtu, na kweli ipo, mimi ndiye niliyeibuni. Nakuahidi sitaitumia. Wakiniuliza mzembe alikuwa nani, nitawatajia jina langu lote, la baba na la babu, na nitawasubiri waliandike.

Zuhura