Macho ya Exaucée

Mangobo, Kisangani
14 Septemba 2002

Mpendwa mjomba wangu, Tonton Ambroise,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Habari za afya yako huko Liège? Je, baridi imeshaanza, na lile goti ulilotegua bado linakuuma? Sisi tuko hai, tunamshukuru Mungu, ingawa nyumbani hakuna furaha.

Barua yako ilifika kupitia Papa Feruzi, yule mfanyabiashara anayesafiri kwa ndege hadi Goma. Asante kwa kunieleza kazi yako polepole. Nimeisoma hadi karatasi imeanza kukatika kwenye mikunjo.

Nimeelewa hivi, nawe unisahihishe nikikosea. Ndani ya seli kuna protini inayomshika mjumbe na kumzuia asiende popote. Protini hiyo ina salfa, ambazo kwake ni kama vidole. Ikiingia sumu yenye njaa ya elektroni, inaganda kwenye vidole hivyo, na mkono hauwezi tena kumzuia mjumbe. Anakimbilia kwenye kiini cha seli kuamsha kinga. Uliandika kwamba sumu ya namna hiyo imo hata katika moshi wa mafuta yaliyochomwa mara nyingi. Hapo nikafikiria jiko letu.

Tangu duka letu liporwe, Mama anakaanga mikate, ile midogo ya mviringo uliyoipenda, na kuiuza karibu na shule. Lakini harufu yake inawaita askari wa kizuizi cha barabarani, nao hawalipi. Basi tulikuwa tunakaanga ndani, mlango umefungwa, na gunia lililoloweshwa maji limesukumwa chini yake. Mafuta ya mawese hatuwezi kuyabadilisha kila mara. Mdogo wangu Exaucée ndiye aliyekuwa akituambia kwamba yamechoka: akitokwa machozi, Mama anaepua sufuria. Mama humwita "macho yangu".

Juma lililopita Exaucée hakulia. Moshi ulikuwa mzito, mimi mwenyewe sikuona vizuri, naye ameketi palepale, macho makavu.

"Elisée, ona! Mutoto amezoea," Mama akasema kwa furaha.

Simone, jirani yetu anayesaidia kukanda unga, akacheka. "Bon, munipatie mimi hiyo kazi ya kulia. Mimi machozi iko mingi."

Mimi sikucheka. Nilifikiria vile vidole vilivyojaa sumu, nikaogopa kwamba macho yake hayajazoea, bali hayahisi tena. Tonton, unajua mimi si msemaji, lakini nilisema, "Mama, tufungue mulango."

"Na basoda?" Mama akauliza. "Si batakula mikate yote?"

"Bakule."

"Alors, siye tutakula nini? Ile barua ya Tonton?"

Mlango ukabaki umefungwa. Kesho yake Exaucée alijaribu kupuliza makaa ya jiko akashindwa. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu na kifua kilipiga filimbi. Mama akaepua sufuria. Kisha akalivuta lile gunia mwenyewe, akalitupa uani.

Sasa tunakaanga nje. Askari walifika siku ileile. Mmoja wao, kijana kama mimi, alikula akiwa amesimama, akaungua ulimi, akasema, "Merci, mama," akaondoka na beseni lote. Mama hajanilaumu. Unga uliobaki ni kidogo sana.

Kinachonisumbua zaidi ni kingine. Najua uliandika kuhusu seli, si kuhusu macho ya mtoto, na labda nimechanganya mambo. Lakini uniambie, tafadhali: mlinzi ambaye vidole vyake vyote vimegandwa na sumu, je, seli inaweza kutengeneza mwingine? Inachukua muda gani? Exaucée anapumua vizuri kidogo, ila bado hajalia. Kila Mama anapoteleka sufuria tunaacha kazi zetu, tunamtazama usoni, tukiyangoja machozi.

Mama yangu Kahambu, dada yako, anakusalimu sana, na Simone pia. Exaucée hakumbuki sura yako, lakini ameuchora mkono wake nyuma ya karatasi hii ili uone vidole vyake.

Mungu akufunike huko uliko, na atujalie tuonane.

Mpwa wako anayekupenda na kusubiri jibu lako,
Elisée