Nimemzika Mjomba Kwenye Fomu

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, na kabla hujanisaidia naomba usinicheke, maana nafsi yangu imeshanicheka vya kutosha. Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka arobaini na moja, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa kwenye kikundi cha vikaragosi vya mbao, hatupati faida wala hatuitafuti, tunaonesha michezo yetu kwenye ghala la zamani nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, mimi nashona nguo za vikaragosi na kuvuta nyuzi, wenzangu sita wanapiga muziki na kutoa sauti, na watu wa mtaa wanakuja kila Jumamosi alasiri na viti vyao kichwani kwa sababu sisi viti hatuna. Vikaragosi vyote thelathini na viwili alivichonga mjomba wangu, kaka yake marehemu mama, seremala, ndiye aliyeanzisha kikundi na ndiye aliyenifundisha kwamba kikaragosi hakitembezwi, kinaachwa kitembee.

Miaka sita iliyopita shirika moja lilitualika tuoneshe kazi kwenye ukumbi wao, wakatupa dakika ishirini, na mchezo wetu mkubwa ni wa saa nzima, nami bila kumuuliza mjomba nikakata kipande cha Bibi Mngojaji. Huyu Bibi ni kikaragosi kizee kinachokaa kwenye benchi kumngoja mwanawe, hasemi neno, dakika nne nzima anageuza shingo tu kila akisikia hatua, kisha anairudisha, na mimi niliona hicho ndicho kipande kisicho na kitu. Mjomba alikuwa nyuma ya pazia, nyuzi za Bibi ziko mkononi tayari, akasikia muziki umeruka.

"Umemtoa?"

"Mjomba, muda hautoshi."

"Muda wa nani?"

Akamtundika Bibi kwenye msumari, akavaa kofia yake, akaondoka, hajarudi mpaka leo. Kwake ni vituo vitatu tu vya basi kutoka kwangu, huwa napita mbele ya karakana, nikisikia randa yake napunguza mwendo, halafu naongeza.

Sasa ghala linavuja, mbao zimevimba, shingo ya Bibi haigeuki tena, na mwaka huu mfuko mmoja ukatangaza ruzuku kwa sanaa zinazokaribia kutoweka. Katibu wetu, ambaye kazi yake ni kupiga chapa kwenye duka la fotokopi, akakaa nami tukajaza fomu vizuri mpaka swali la kumi na nne, linalouliza kama fundi ambaye ujuzi huu umetoka kwake yu hai, na kama yu hai, iambatishwe barua yake ya ridhaa yenye sahihi.

"Haya dada, nenda kachukue sahihi."

"Weka hapana."

"Hapana nini?"

"Hayupo hai. Weka hapana."

"Dada, mzee nimemwona juzi ananunua gundi! Tena kanidai salamu!"

"Nimesema weka."

Akaweka, akasema, "Basi Mungu amlaze pema, ila kesho tukikutana sijui nitamwamkia au nitamkimbia."

Swali lililofuata lilitaka tueleze kwa maneno mia mbili pengo aliloliacha, na mimi ambaye barua hii tu imenichukua siku tatu niliandika kurasa tatu bila kunyanyua kichwa, kwamba tangu aondoke hakuna anayejua kunyamaza jukwaani, kwamba nikisikia harufu ya gundi ya mbao mkono wangu unasimama kwenye cherehani, kwamba bado namwachia nafasi yake nyuma ya pazia na hakuna anayethubutu kusimama pale. Katibu akaacha utani, akapunguza yale maneno yakafika mia mbili, akatuma.

Tumepita, mshauri. Wamesema maneno yetu yamewagusa sana, na baada ya siku kumi na mbili maofisa wawili wanakuja kuona kazi, na wameomba wapelekwe kaburini wakaweke shada la maua. Wenzangu wanasema tutafute kaburi lolote lisilo na jina, paa kwanza, na mzee mwenyewe hatajua. Mimi silali vizuri na wala sili, nikisema ukweli kikundi kinakosa paa, nikinyamaza mjomba wangu anakuwa amekufa kweli na mimi ndiye niliyemuua. Nifanyeje?

Mpwa wa Seremala

*

Mpwa wa Seremala,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka kukutukana, mara ya pili nikatafuta leso. Naanza na matusi, kwa sababu leso haitakusaidia.

Umemuua mzee wa watu ili usimwombe sahihi. Usisingizie paa! Paa halikukuzuia kupanda basi vituo vitatu. Ulikosea wewe, ulijua siku ile ile kwamba umekosea, na kwa miaka sita ukaona ni rahisi kupita mlangoni pake kuliko kuingia. Fomu haikukufundisha uongo. Ilikuuliza tu swali ulilokuwa unalikimbia.

Wafadhili nao siwaachi. Nimewahi kukaa kwenye kamati zao, nikatoka na hasira ambayo haijapoa. Fomu inayomdai barua fundi aliye hai, lakini ikampitisha marehemu bila hata swali, imeandikwa na mtu asiyewahi kukanyaga karakana. Wakisikia mzee bado anachonga, wanataka karatasi. Wakisikia amekufa, wanabeba maua. Lakini ubovu wa fomu yao si ruhusa kwako. Ungeacha kisanduku kitupu. Na hao wenzako wanaotafuta kaburi la kuazima, waambie mimi nimesema waone haya.

Leo, si kesho, waandikie wale maofisa: mjomba wangu yu hai, nilidanganya kwa sababu tumegombana na kosa ni langu, ila pengo nililolieleza ni la kweli. Usipambe. Huenda wakafuta ruzuku, na watakuwa na haki. Basi Jumamosi simama mbele ya mtaa wako ueleze kwamba ghala linavuja. Watu wanaobeba viti kichwani kuja kuwatazama, umewahi hata siku moja kuwaomba bati? Mficha uchi hazai, dada yangu. Umejifunza kuomba kwa wageni tu, kwa maneno yao, na kuomba kwa watu wako ukasahau.

Kisha umtoe Bibi ghalani, umfunge kwenye shuka safi, upande basi. Usimtume Katibu. Usipige simu. Fomu usiibebe kabisa. Ukifika, usianze hotuba ya msamaha, mwambie tu, "Mjomba, shingo haigeuki." Huyo ni seremala. Mikono yake itakujibu kabla ya mdomo. Akishamlaza Bibi kwenye meza ya kazi, hapo umwambie ulichoandika kwenye swali la kumi na nne, wewe mwenyewe, kabla hajakisikia dukani kwa muuza gundi. Halafu umsomee ulichoandika kwenye swali lililofuata, zile kurasa tatu zote, si maneno mia mbili ya Katibu. Wengi wetu husifiwa tukiwa hatusikii tena. Mjomba wako atasikia, tena patasi ikiwa mkononi, kwa hiyo kaa mbali kidogo.

Na akikufukuza? Anaweza, na usimlaumu. Toka nje, utafute pa kukaa karibu na mlango wake, ukae. Usibishe hodi tena, usilie kwa sauti, usiseme neno. Ukisikia hatua zinakuja, geuza shingo. Zikipita, irudishe. Ile sehemu unaijua vizuri, ndiyo uliyoikata. Sasa icheze yote.