Saki Kumi na Mbili Zenye Sikunusa

Bel-Air, Lubumbashi

Mama yangu,

Mugongo yako inaendelea namna gani? Na mvua, ilikuachia njia ya shamba ao iliikata? Shiye hapa tuko bazima. Mukubwa alipita mu darasa ya tano, mudogo anakohoa lakini anakula.

Naandika juu telefone ya nyumba yako iko mu mukono ya Kalenga, na sitaki huyu ndugu yangu mudogo asikie mbele ya weye kusikia. Barua nimemupa shofere wa kamyo ingine aipeleke kwa katekista, yeye njo atakusomea. Nataka kujua neno moja tu: kama weye, mama, ulijua.

Unakumbuka nilifika hapa na beseni moja ya unga. Leo niko na depo ya mahindi, na mu soko jina Mujinga yenye ulinipa bameisahau: bananiita Mama Pua. Mwanamuke akitaka kununua mahindi kwa mwingine, ananiletea kwanza ninuse. Naingiza mukono mpaka katikati ya saki, natosha mahindi ya kujaa kiganja, navuta pumzi, nasema ndiyo ao hapana. Nilikuwa sijakosa hata mara moja.

Bon. Siku ya kine ya juma, Kalenga akafika na kamyo ya kutoka kwetu Lukafu, saa sita ya muchana. Nikafungua saki ya kwanza ninuse, akanishika mukono.

«Yaya mukubwa, hesabu kwanza! Shofere anafanya haraka.»

Nikahesabu: kumi na mbili.

«Kumi na moja,» akasema.

«Weye, tangu lini unanihesabia?»

«Ile ya ukuta umeihesabu mara mbili, yaya. Umezeeka!»

Tukacheka. Nikarudilia. Akabishana tena, nikarudilia mara ya tatu, saki kwa saki, nikigusa kila moja kwa mukono. Kumi na mbili! Shofere akapiga honi, Kalenga akanikumbatia, akapanda, bakaenda. Na miye nikabaki pale nikifurahi kama nimeshinda mubishano.

Kesho yake asubui, mama mwenye kusonga bukari pa kona akaja ku soko na beseni ya unga ya mahindi yenye nilimuuzishia jana, akaisukuma chini ya pua yangu mbele ya bantu bote.

«Mama Pua, leo uko na mafua?»

Harufu ya ukungu ikanipiga mpaka machozi. Nikarudi ku depo, nikafungua zote. Saba nzuri. Tano, mahindi mazuri juu, mazuri chini, katikati yameoza, meusi. Depo yote ilikuwa inanuka, mama! Na miye nilikuwa nimesimama mule mule nikihesabu, sikusikia kitu.

Nilimwaga zote tano. Wenye nilibauzishia nilibapa ingine. Lakini tangu siku ile hakuna mwanamuke amekuja kuninusisha unga yake.

Nikafikiri pua imekufa. Jirani yangu Mama Ngalula, mutu wa Kasai, iko na mutoto mwanamuke mwenye kusoma udaktari. Nikamuuliza ule mutoto. Akasema: «Pua yako iko muzima, mama. Harufu iliingia. Ubongo njo ulikatala kuipokea.» Akanielezea na mufano ya Kasumbalesa, ku mupaka ya Zambia: kamyo zinapanga mulolongo murefu, bantu ba duane benye kukagua mizigo habawezi kufungua zote. Kama ubongo uko na kazi ya nguvu, kama kuhesabu, harufu inabaki ku mupaka. Ukivuta pumzi juu ya kutafuta harufu, pale njo umetuma mutu kufungua. Na harufu yenye umekaa nayo, kidogo kidogo ubongo unaacha kukuambia.

«Bantu bote bako hivi?» nikauliza.

«Bote. Lakini si bote sawasawa.»

Pale njo roho yangu iliuma. Juu nilikumbuka maharagi. Nilikuwa na miaka saba, uliniacha pa moto, nikaanza kuhesabu masuke ya mahindi mu kikapo. Maharagi yakaungua mpaka moshi ikajaa nyumba, miye nikiendelea: mia mbili na kumi, mia mbili na kumi na moja. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukasema, «Huyu akihesabu, hana pua.»

Tulikuwa babili tu, mama. Kalenga alikuwa mu mugongo yako, hata meno hana. Hapa Lubumbashi sikumuelezea mutu. Sasa, nani alimufundisha anihesabishe mara tatu?

Labda ulimuelezea siku moja ya kucheka, na akili mubaya ni yake peke yake. Ao alikuuliza namna ya kunipitishia mahindi ya kuoza, na ukamujibu. Kalenga kuniibia, naweza kubeba. Hii ingine siwezi kuibeba bila kujua.

Unisalimie mjomba mwenye mbuzi, na shangazi mwenye kukutekea maji. Na weye katekista, asante. Andika jibu yake vile atasema, usiitengeneze.

Mama, kama ilikuwa ya kucheka, uniambie, nitakuja nikuombe musamaha nikipiga magoti. Kama sivyo, uniambie pia. Sabuni na chumvi nitatuma kila mwezi, kama kawaida. Lakini saki ya kutoka kwetu, nitainusa kwanza, halafu niihesabu, hata kama ni weye mwenyewe umekaa juu yake.

Mutoto wako wa kwanza,
Mujinga