Vitumbua Ndani ya Gazeti la Ofisi

Joyce, leo nimeumbuka mimi!

Si unajua yale magazeti lundo ya ofisini hatuyasomi, nampa Mama Ziada pale Magomeni afungie vitumbua?

Sasa leo bosi kakutana na wakulima wa Tindiga hapa halmashauri. Anawaambia, "Magazeti tunanunua ili tujue shida zenu." Chai ikaja, nagawa mimi. Vitumbua vya Mama Ziada, shoga! Vimefungwa magazeti yetu, na muhuri wa ofisi juu!

Mama mmoja mkulima akakunjua gazeti lake, akasoma kwa sauti: "Wakulima Tindiga washangilia mfereji mpya."

Akanigeukia. "Mwanangu, mfereji upi?"

Mfereji upi, Joyce! Gazeti lile linachapa chochote tunachowatumia, si sisi ndio wateja wao wakubwa? Na habari hiyo niliiandika mimi.