Nimeiua hoja yangu kwa mdomo wangu

Alhamisi. Manyunyu tangu alfajiri, baridi imenikaa magotini. Nimewasha jiko la mkaa, lakini wapi! Leo sijipendi hata kidogo.

Mimi ni diwani wa viti maalumu, nesi mstaafu. Mwaka mzima nimepigania kitu kimoja: chumba cha faragha kwenye zahanati, msichana apate uzazi wa mpango bila kuulizwa mama yake ni nani.

Nilianza baada ya Tumpe, binti wa jirani yangu, kidato cha tatu. Aliogopa kwenda zahanati kwa sababu manesi wote wanaimba kwaya moja na mama yake. Akanywa dawa za kienyeji kutoa mimba. Tukamzika.

Jana chama kilituita kikao, kama kawaida kabla ya baraza la madiwani. Ukitoka pale msimamo ni mmoja, na anayekwenda kinyume asahau kuteuliwa tena. Katibu akasema hoja ile itawaudhi viongozi wa dini, na uchaguzi hauko mbali. Nikajua nitaambiwa ninyamaze. Kumbe!

"Utaiondoa wewe mwenyewe, Mheshimiwa. Wewe ni mama, tena nesi. Nani atabisha?"

Sikubisha.

Leo nikasimama, nikaomba kifungu kile cha chumba "kirejeshwe kwenye kamati kwa uchambuzi zaidi". Ndivyo tunavyozika mambo sisi. Kikirudi huko hakitoki. Mwenyekiti akauliza wanaoafiki. Ukumbi mzima: "Ndiyooo!" Meza zikagongwa.

Mama Tumpe alikuwa kwenye viti vya wananchi, nyuma kabisa. Aliacha viazi vyake soko la Mbalizi aje kusikiliza. Kaniona nimesimama, kasikia ndiyo. Basi, kwake imepita.

Nje akanikumbatia huku analia. "Ndaga fijo, dada yangu. Asante. Umempigania mwanangu."

Nikamwambia, "Haya, Mama Tumpe. Pole na mvua."

Hivyo tu! Mimi mwenye mdomo wote huu, niliyewagombeza madaktari miaka thelathini. Aibu gani hii, jamani?

Sasa hivi namsikia uani kwake, anaongea na simu kwa sauti ya juu. Anawaambia kina mama wenzake chumba kimepita, wawaambie mabinti wasiogope tena, waende tu zahanati.

Ni hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu hadi kwake. Bado nimekaa.