Risasi Isiyouzwa Dukani

Kaloleni, Nairobi, Jumanne, Agosti 1978

Na bado anaiita bunduki ya kuwinda! Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka jana, halafu huyu bwana wa kaunda suti anataka nimuundie bunduki inayojipakia yenyewe.

"Ni mnyama gani huyo, mzee, wa kupigwa haraka hivyo?" nilimuuliza.

Alicheka tu. Tajiri wangu, mwenye duka la bunduki, akanikazia macho. "Fundi, wewe chagua risasi. Maswali achana nayo."

Basi nikachagua. Nikasema risasi za kawaida hazifai, afadhali tuchukue ganda la shaba la risasi kubwa zaidi, tulikate, tulibane shingo, iwe risasi ya bunduki hiyo peke yake. Mteja alifurahi sana. Alidhani namheshimu.

Sababu yangu sikuisema. Bunduki ya namna hiyo hutema maganda yenyewe majanini, na mtu anayekimbia hana nafasi ya kuyaokota. Askari wa wanyama akipata ganda kama hilo kando ya mzoga, atajua bunduki iliyolitema ni moja tu nchi nzima. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Nikamsimulia mke wangu. Akaacha kusugua sufuria.

"Na wakitaka kujua aliyelikata hilo ganda, Baba Njeri, watabisha mlango wa nani?"

Kesho ndiyo naanza kukata, na miaka yote hii nimejisifu kwamba Nairobi nzima anayeiweza kazi hiyo ni mimi peke yangu.