Kichanga Nilichokiokoa Stendi

Itzel, shoga yangu, nimeumbuka!

Leo si zamu yangu ya kwanza stendi ya mabasi, kukamata wanaosafirisha watu kimagendo? Nikaona bibi kabeba kichanga, kimefunikwa gubigubi, hakilii wala hakitikisiki.

“Bibi, wako huyu?”

“Wa jirani. Nampeleka kuvalishwa.”

Wa jirani!!

“Cheti chake?”

“Cha nini? Huyu anajulikana dunia nzima.”

Nikapuliza filimbi. Askari wakaja mbio. Nikafunua blanketi mwenyewe.

Yesu Mtoto, Itzel. Wa plasta! Kesho sikukuu ya Kandelaria, anapelekwa kushonewa kanzu ya kwenda kubarikiwa kanisani!

Mkuu akanitetea: “Heri aliyefunua kuliko aliyepita.” Nikashusha pumzi.

Bibi akadakia: “Desturi ni desturi: awe kafichwa kwenye mkate wa Mamajusi, awe kwenye blanketi, aliyemfunua Mtoto ndiye anayetupikia sote tamale za mahindi kesho!”

Stendi nzima ikashangilia, Mkuu kwanza.

Njoo na sufuria. Kubwa.